Mfupa umeunga, maumivu yamebaki

Mwezi wa 8 baada ya ajali ya bodaboda, picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa muundi umeunga, chuma kimetulia mahali pake na kidonda kimefunga. Daktari anamwambia mgonjwa amepona. Mgonjwa anatoka kliniki akichechemea, mguu unawaka moto kutoka gotini hadi vidoleni, na usiku shuka likipita tu juu ya ngozi anashtuka usingizini. Nyumbani anakutana na swali lile lile: kama umepona, mbona hushiki kazi?

Daktari na mgonjwa wote wanasema kweli. Mfupa umepona, maumivu hayajapona. Maumivu yanayodumu au kurudi-rudi kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limeyapa namba yake, yakahesabiwa kuwa hali ya kiafya inayojitegemea. Kwa mwenye mguu jambo hilo ni kubwa. Hadeki, wala hajisingizii.

Tutaufuata mguu huo mmoja, kwa sababu wodi za mifupa za Afrika Mashariki zimejaa miguu ya namna hiyo. Mengi yatakayosemwa yanamfaa pia aliyeumia mgongo, bega au mkono, na aliyekatwa mguu.

Kuuma na kuumia

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyokaribiana sana: kuuma na kuumia. Kuuma ni kile unachokisikia. Kuumia ni mwili kupata jeraha. Siku ya ajali yalikuja pamoja, na wiki za mwanzo yalikwenda pamoja. Baada ya miezi kadhaa huwa yameachana njia, na karibu kila kosa linalofanywa na wenye maumivu sugu, na wakati mwingine na wanaowatibu, linatokana na kuyachukulia bado kuwa kitu kimoja.

Ngozi, misuli na mifupa vina ncha za neva zinazopokea habari za hatari. Habari hizo hupanda hadi kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo si bomba linalopitisha kila kinachoingia. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba pale kuna kitu mfano wa lango. Mguso wa kawaida unaweza kulibana, ndiyo maana ukijigonga muundi mkono unakwenda wenyewe kupasugua. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu, za kulifungua au kulifunga, kutegemea hofu, usingizi na shughuli aliyo nayo mtu. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya majaribio kwa panya, alionyesha kwamba uti wa mgongo ukishapigwa na habari nyingi za jeraha hubadilika wenyewe: seli zake huanza kukuza habari ndogo zikawa kubwa. Hapo mguso wa shuka hufika ubongoni kama moto.

Mfikirie mlinzi wa usiku ambaye duka lake limewahi kuvunjwa. Kabla ya wizi alipiga filimbi akimwona mtu juu ya ukuta. Baada ya wizi anapiga filimbi paka akipita. Filimbi ni ya kweli, na kila anayeisikia anaamka, ila mwizi hayupo. Kazi ya matibabu ya maumivu sugu ni kumtuliza mlinzi huyo polepole, kwa kumpa ushahidi mwingi mdogo mdogo kwamba usiku ni salama. Ukimkimbiza ataogopa zaidi. Ukijifungia ndani naye hatajifunza lolote.

Iko namna ya pili, inayochanganyika na ya kwanza: neva yenyewe iliumia, ikakatwa, ikabanwa na kovu au kuvutwa. Neva iliyoumia hutuma habari bila kuulizwa. Watu huyaeleza maumivu yake kwa maneno yanayofanana mno: yanawaka, yanachoma kama sindano, yanapiga shoti kama umeme, halafu sehemu hiyo hiyo ina ganzi. Maumivu ya mfupa na viungo hutwanga, hukaza, huzidi ukiukanyagia mguu na kupungua ukipumzika. Mwambie daktari maneno hayo hayo unayoyatumia nyumbani, kwa sababu dawa za aina hizi mbili ni tofauti.

Na aliyekatwa mguu akisema vidole ambavyo havipo vinamuuma, hajarogwa wala hajachanganyikiwa. Daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani aliyaandika maumivu hayo mwaka 1871 baada ya kuwatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ramani ya mguu ingali ubongoni, na neva zilizokatwa zingali zinaongea nayo.

Kwanza hakikisha hakuna kinachotibika

Kabla ya kujifunza kuishi na maumivu, hakikisha siyo maumivu ya kitu kinachoweza kurekebishwa. Kidonda kidogo juu ya mfupa kinachofunga na kufunguka kikitoa usaha ni dalili ya ugonjwa ndani ya mfupa, hata kama kimekaa hivyo mwaka mzima na hakina homa. Mfupa unaouma pale pale ulipovunjika kila ukikanyaga, baada ya miezi 6 au zaidi, unahitaji picha mpya, kwa sababu huenda haujaunga au chuma kimelegea. Mguu ukivimba, ukabadilika rangi, ukatoa jasho upande mmoja, ngozi ikang'aa na maumivu yakazidi kiasi cha jeraha lenyewe, rudi mapema. Hali hiyo huanza hata baada ya kuvunjika kifundo cha mkono tu, na huitikia vizuri ikipata fiziotherapia ya mapema kuliko ikifungwa na kuachwa bila kuguswa. Ghafla ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukapata ganzi kuzunguka sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja hupitwa mara nyingi, nalo ni rahisi kuligundua: urefu wa miguu. Mguu uliovunjika ukiunga ukiwa mfupi kwa sentimita 2 au zaidi, nyonga inainama, mgongo unajipinda kuifuata, na baada ya mwaka mtu analalamikia kiuno na kusahau mguu. Simama wima karibu na ukuta, miguu pamoja, mtu wa nyumbani akuwekee mikono juu ya mifupa ya nyonga kutoka nyuma. Mkono mmoja ukiwa chini ya mwingine, panga vitabu vyembamba chini ya mguu mfupi hadi mikono ilingane, kisha pima unene wa vitabu. Peleka kipimo hicho kwa mtaalamu wa fiziotherapia akihakikishe, na baada ya hapo fundi viatu anaweza kuongeza soli. Usirudishe urefu wote kwa siku moja. Anza na nusu, mwili uzoee wiki kadhaa. Ndani ya kiatu cha kawaida isizidi kama sentimita 1, la sivyo kisigino kitakuwa kinachomoka. Kiasi kinachobaki kiongezwe kwenye soli ya nje. Na ndala nazo ziongezwe, maana nyumbani ndimo mtu anamosimama saa nyingi zaidi.

Kuhusu kuchuliwa: mguu ambao mfupa wake haujaunga hauchuliwi. Hata ulioshaunga, kukandwa kwa nguvu hadi mtu apige kelele kunamchochea yule mlinzi, na kwenye misuli iliyopondeka kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli. Kitambaa cha khanga kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kuwekwa dakika 15 hadi 20 kinatosha. Mguu wenye ganzi usiupime joto kwa mguu wenyewe. Pima kwa kiwiko, kwani wengi wameungua bila kujua.

Kupima shughuli kwa saa badala ya maumivu

Kuna mtindo unaojirudia karibu kwa kila mwenye maumivu sugu. Anaamka siku moja ana nafuu. Nguo za wiki tatu zimerundikana, anazifua zote kabla maumivu hayajarudi. Jioni mguu unawaka, na siku tatu zinazofuata hatoki kitandani. Siku ya nne anaanza kujisikia vizuri, na sasa kazi zimerundikana zaidi. Baada ya miezi sita anafanya machache kuliko alivyoanza, misuli ya paja imekonda, na moyoni ameshaamini kwamba kazi yoyote inamuumiza.

Anachokosa ni kipimo. Maumivu yanapokuwa ndiyo saa ya kuamua lini uanze na lini uache, mlinzi ndiye anayeongoza nyumba. Njia inayofanya kazi ni kuacha kwa muda uliopangwa mapema, ukiwa bado unaweza kuendelea.

Chagua shughuli moja. Tuseme ni kusimama jikoni. Kwa siku tatu, ikiwamo siku mbaya angalau moja, pima unaweza kusimama dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda waziwazi. Tuseme Jumatatu 14, Jumanne 6, Jumatano 10. Jumla ni 30, wastani 10. Usianzie kwenye 10. Chukua asilimia 80 yake, yaani dakika 8, na hicho ndicho kipimo chako cha kuanzia. Weka kengele ya simu. Ikilia keti, hata kama unajisikia unaweza kumenya viazi vyote. Keti dakika 5, kisha unaweza kusimama tena 8.

Kipimo hicho ni kwa siku njema na siku mbaya sawasawa. Siku njema hupandi hadi 20, siku mbaya hushuki hadi sifuri. Hapo ndipo watu wengi wanapovunja utaratibu, na siku njema ndizo za hatari zaidi. Baada ya wiki moja ya dakika 8 bila kuvurugika, ongeza kama asilimia 10, yaani chini kidogo ya dakika moja. Inaonekana ndogo mno. Lakini asilimia 10 kila wiki inakufikisha kama dakika 17 baada ya wiki 8, zaidi ya mara mbili ya ulipoanzia.

Utajuaje umezidisha? Maumivu kupanda kidogo baada ya shughuli ni kawaida: kwa kipimo cha 0 hadi 10, kupanda kwa namba moja au mbili na kurudi mahali pake kufikia kesho asubuhi hakumaanishi umejiumiza. Yakiwa bado yamepanda kesho yake mchana, punguza muda kwa robo kwa siku chache, kisha rudi. Usiache kabisa.

Makosa yanayoharibu mpango huu ni machache na yanajulikana. Wengine hupima kipimo cha kuanzia siku ya nafuu tu. Wengine huongeza mambo mawili wiki moja, kutembea na kufua, kisha hawajui lipi limewachokoza. Wengine hupumzika kwa kulala saa tatu mfululizo, mwili ukakakamaa. Pumziko la dakika 5 hadi 10 mara nyingi kwa siku linafaa kuliko pumziko moja refu.

Tazama kufua kwa karibu, kwani ndiko kunakowaangusha wengi. Kuinama juu ya beseni lililo chini kunabeba kiuno na goti kwa pamoja. Pandisha beseni juu ya benchi au ndoo mbili zilizogeuzwa, kaa kwenye kiti chenye urefu wa kama sentimita 45, mguu unaouma umenyooshwa mbele kidogo. Loweka jioni, fua asubuhi: kuloweka kunapunguza kusugua. Nguo nyepesi kwanza, mafungu mawili ya dakika 10, jeans na mashuka siku nyingine. Kukamua shuka ni kazi ya watu wawili, na hapo hakuna haja ya kuona haya. Maji yabebwe kwa dumu la lita 5, moja kila mkono ikiwa unatembea bila fimbo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 upande mmoja wa mwili, na mguu unaochechemea huzihisi zote.

Sambamba na hayo, misuli lazima ijengwe. Kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti, mara 5, asubuhi, mchana na jioni, ni zoezi linalohitaji kiti tu. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi. Ukiweza mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, punguza mto. Goti likiwa gumu, keti na unyooshe mguu hadi ubaki hewani, hesabu 5, shusha taratibu. Kushusha taratibu kuna faida sawa na kunyanyua.

Ngozi isiyotaka kuguswa

Ngozi inayouma kwa mguso hufundishwa upya kwa mguso. Anza mbali na penye maumivu, mahali ngozi ni ya kawaida, kwa pamba. Sogea polepole kuelekea penye maumivu, dakika 2 hadi 5, mara tatu au zaidi kwa siku, ukitazama ngozi huku ukiigusa. Pamba ikizoeleka, nenda kwenye khanga iliyochakaa, kisha taulo, kisha soksi. Kuifunga na kuilinda isiguswe kunaonekana ni huruma, lakini kila wiki ya kuilinda inaiongezea ukali.

Kwa aliyekatwa mguu, na kwa wale ambao mguu umevimba na kubadilika rangi, kuna kioo. V. S. Ramachandran aliianzisha njia hii miaka ya 1990. Weka kioo cha urefu wa kufika gotini katikati ya miguu, uso wake ukielekea mguu mzima, hivi kwamba ukitazama unaona miguu miwili mizima. Chezesha mguu mzima taratibu, kunja na kunjua vidole, ukitazama kwenye kioo tu, dakika 10 hadi 15 kila siku kwa wiki kadhaa. Haimsaidii kila mtu. Ukisikia kizunguzungu au maumivu yakizidi, rudi nyuma: tazama tu bila kuchezesha, kwa dakika 2 au 3.

Dawa, na kiasi chake cha kweli

Hakuna dawa ya maumivu sugu inayoyaondoa yote. Anayekuahidi hivyo, awe amevaa koti jeupe au anauza chupa sokoni, anakudanganya. Dawa nzuri hushusha maumivu kiasi cha kukuwezesha kulala na kufanya mazoezi, na kwa kipimo hicho dawa ndiyo ipimwe: umelala zaidi? umetembea zaidi?

Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidi vidonge 8 kwa saa 24, na wenye ini bovu au wanaokunywa pombe nyingi watumie pungufu ya hapo. Tatizo ni kwamba imejificha ndani ya dawa za mafua na ndani ya vidonge vilivyochanganywa na diklofenaki, kwa hiyo mtu anazidisha bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni zinafaa siku chache maumivu ya viungo yakipanda. Kuzimeza kila siku kwa miezi, kama wengi wanavyofanya kwa kununua dukani, kunaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuchosha figo. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha na uende hospitali.

Kwa maumivu ya neva yanayowaka na kupiga shoti, diklofenaki haina msaada wa maana. Dawa ya bei nafuu inayotumika ni amitriptilini. Mgonjwa anasoma karatasi yake, anaona ni dawa ya sonona, anaitupa akisema wamemwona kichaa. Kwa sonona hutolewa kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa neva daktari huanza na miligramu 10 hadi 25 mara moja jioni, na kazi yake ni kuzipa nguvu amri za ubongo za kulibana lango. Imeze ikiwa imebaki kama saa mbili kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utaamka na kichwa kizito. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, kunywa maji. Ipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema haifanyi kazi. Mwenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au tezi dume lililovimba amwambie daktari kwanza. Na ukweli wake ni huu: kati ya watu kama wanne wanaoitumia, mmoja hupata nafuu kubwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Asiyepata hajashindwa kitu. Anabadilishiwa, mara nyingi gabapentini au pregabalini, nazo huongezwa na kupunguzwa hatua kwa hatua. Kuziacha ghafla kuna madhara.

Tramadoli ni ya muda mfupi. Mwili huizoea, kiwango kinapanda, na ikichanganywa na amitriptilini inaongeza hatari ya degedege. Kuna pia unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kama dawa ya mifupa, vinavyoleta nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili. Nafuu ya namna hiyo iogope: baadhi vimechanganywa na dawa za jamii ya steroidi. Uso ukianza kuwa wa mviringo na mwili kunenepa ghafla, usiache mwenyewe kwa siku moja, maana kuacha ghafla ni hatari. Nenda hospitali ukiwa na kifurushi chake.

Fimbo, choo na jiko

Fimbo iliyopimwa vizuri hufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ukiwa umesimama na viatu na mkono umening'inia, kiwiko kikikunjika kidogo unapoishika. Na hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Watu wengi huishika upande wa mguu unaouma, wakauegemea, na kuongeza uzito pale wanapotaka kuupunguza. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mguu unaouma pamoja na fimbo.

Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito unabebwa na mikono, kamwe si kwapa. Anayening'inia kwapani hubana neva, na siku moja anaamka kifundo cha mkono kimelegea, hawezi kukinyanyua. Raba ya chini ikishakuwa laini kama kiganja, ibadilishe kabla ya masika. Saruji yenye maji na raba iliyoisha imevunja miguu mingi mara ya pili.

Choo cha shimo ndicho kinachomfanya mtu ajinyime maji na chakula, na hakuna anayetaka kusema. Goti lisilokunjika haliwezi kuchuchumaa. Wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Kiti hicho kikishakatwa hupoteza nguvu, miguu yake hutanuka kwenye saruji yenye maji, na hupasuka mtu akiwa amekikalia. Mwambie seremala atengeneze kigoda cha mbao chenye miguu minne iliyofungwa kwa mbao za kukingama, tundu la sentimita 20 hadi 25, pembe zake zimepigwa msasa. Urefu upimwe kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti lako, na kwa goti gumu ongeza sentimita 2 hadi 5. Chini ya miguu pigilia vipande vya tairi. Ukutani, upande wa mkono wenye nguvu, bomba la maji lililofungwa kwa boliti linatosha kuwa la kushikia. Msumari hauvumilii uzito wa mtu anayenyanyuka.

Mbuzi ya kukunia nazi ipandishwe juu ya benchi na ifungwe kwa kamba au klampu ili isiteleze. Jiko la mkaa liwekwe juu ya meza ya matofali. Vigoda vifupi vya jikoni vyote viondoke kwa mwenye goti bovu. Kuketi chini na kunyanyuka mara 30 kwa siku ni mzigo kuliko kupika kwenyewe.

Watu wa nyumbani, ibada, kazi

Familia hukosea kwa njia mbili: kumwona anajisingizia, au kumnyang'anya kila kazi kwa mapenzi. Hii ya pili inaua taratibu zaidi, kwa sababu mtu asiye na kazi yoyote nyumbani huanza kujiona mzigo, na huzuni hulifungua lango la maumivu. Sema waziwazi kipi hufanyi na kipi ni chako: "Mama, ndoo sibebi, lakini mchele nitachagua mimi na nazi nitakuna." Kisha kazi hiyo iwe yako kweli, siku njema na siku mbaya. Mume na mke nao wazungumze kuhusu unyumba. Mara nyingi tatizo ni mkao na hofu ya kuumiza, na mto chini ya goti unamaliza nusu ya hofu. Mawazo ya kutotaka kuishi yakija, yasemwe kwa mtu na kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Anayeswali asijitese kwenye sijda kwa kuona aibu ya kiti. Mtume alimwambia Imran bin Huswain aswali amesimama, akishindwa ameketi, akishindwa kwa ubavu.

Kwa aliyeumia kazini, karatasi za hospitali za siku ya kwanza zina thamani ya fedha. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Kenya ina sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Kote muda wa kudai una mwisho, usingoje upone. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Wanaohitaji mguu bandia au kiti cha magurudumu waulize kwanza wataalamu wanaopima mwili. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha kazi hiyo tangu 1981. Kiti cha msaada kisichopimwa, kipana kuliko nyonga na bila mto, kinaleta kidonda cha makalio, na kwa aliyepooza kidonda hicho kinaweza kuua.

Siku mbaya

Siku mbaya kupita kawaida, ambayo hata kipimo chako hukimudu, itakuja hata ukifuata yote. Itakuja baada ya msiba uliokufanya ukeshe, safari ndefu ya daladala, au bila sababu unayoiona. Andika mpango wake ukiwa mzima, uubandike ukutani, kwa sababu siku yenyewe hutafikiri sawasawa.

Siku ya kwanza punguza vipimo vyote hadi nusu, lakini usifute hata kimoja: kama ulikuwa unasimama dakika 12, simama 6. Khanga ya uvuguvugu mara mbili. Dawa ni zile zile ulizopangiwa, usiongeze ya jirani. Amka saa ile ile ya kila siku hata kama usiku haukulala, na mchana usilale zaidi ya nusu saa. Pumua taratibu kwa dakika 5, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Mtu mmoja nyumbani ajue ni siku mbaya, ili asikuulize mara kumi. Siku ya pili baki kwenye nusu. Siku ya tatu panda hadi robo tatu. Siku ya nne au ya tano rudi kwenye kipimo chako, na kengele ya simu ikilia kwa dakika 12, keti, ingawa utajisikia vizuri kiasi cha kutaka kumaliza nguo zote.